Hedhi imevurugika, homoni zinasingiziwa: ulizia kwanza tezi ya shingo

Karatasi zinazopita dirishani kwetu maabara mara nyingi zimeandikwa neno moja tu: "homoni". Chini yake daktari ameweka alama kwenye FSH, LH, prolaktini, projesteroni, pengine na testosteroni. Mgonjwa mwenyewe amekwisha lipia altrasaundi mbili, na kwenye pochi ana chupa ya dawa ya "kusafisha kizazi" aliyouziwa kwa simu. TSH, kipimo kinachoonyesha tezi ya shingo inafanyaje kazi, haipo. Siku hizi nikiona karatasi ya namna hiyo humpigia daktari kabla sijafunga mpira mkononi mwa mgonjwa: "Dokta, tuongeze TSH?" Wengi hukubali. Majibu yaliyotoka baada ya simu hizo ndiyo yaliyonikalisha niandike haya.

"Mvurugiko wa homoni" si jina la ugonjwa. Ni sawa na fundi kukwambia gari lako "lina shida". Shida gani, na imeanzia wapi? Tezi ya thairoidi, ile yenye umbo la kipepeo iliyokaa chini ya koromeo, haizalishi homoni ya uzazi hata moja. Lakini ikizubaa au ikienda mbio, ovari na korodani hazikosi kujua.

Mwenye shamba, nyapara na kibarua

Ukielewa mpango huu, dalili zote za huko mbele zitakaa sawa.

Haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo, ndiye mwenye shamba. Amri yake inaitwa TRH. Pituitari, kitezi cha ukubwa wa punje ya njegere, ndiye nyapara: akisikia TRH hutoa TSH, nayo TSH humwamsha kibarua, yaani tezi ya shingo, atengeneze T4 na T3, homoni za tezi yenyewe. Zikitosha mwilini, mwenye shamba hunyamaza. Kibarua akilala, mwenye shamba hupaza sauti.

Balaa ni kwamba sauti ile haisikiwi na nyapara mmoja. Ndani ya pituitari kuna seli nyingine zinazotengeneza prolaktini, homoni ya maziwa, nazo TRH huzichochea vilevile. Prolaktini ikipanda, huzubaisha mapigo ya GnRH, amri inayoongoza LH na FSH, homoni zinazopevusha yai. Mapigo hayo yakikosekana, yai halipevuki. Mwanamke hana tatizo kwenye ovari wala kwenye kizazi. Kelele za shamba la jirani ndizo zimesimamisha kazi.

Kuna njia ya pili. Ini hutengeneza protini iitwayo SHBG, inayobeba estrojeni na testosteroni kwenye damu. Homoni za tezi zikizidi, SHBG huongezeka. Zikipungua, nayo hupungua. Homoni iliyobebwa haifanyi kazi; kazi hufanywa na ile iliyo huru. Ndiyo maana jumla ya testosteroni inaweza kusomeka nzuri kwenye karatasi na mwenye mwili akalalamika kuwa hana kitu.

"Damu haikatiki"

Pedi inalowa ndani ya saa moja au mbili, mabonge yanatoka, hedhi inapita siku 8. Kabla ya kulaumu tezi, ondoa yaliyo karibu: mimba inayotoka, uvimbe wa fibroidi, kitanzi cha shaba, kijiti au sindano ya uzazi wa mpango. Kisha angalia kinachoambatana na damu hiyo. Anasikia baridi wakati wenzake wanapepea kanga? Choo kigumu? Ngozi kavu, uso umevimba asubuhi, sauti imekuwa nzito, usingizi hauishi? Hapo tezi inayofanya kazi chini ya kiwango inaingia kwenye orodha.

Damu inakuwa nyingi kwa sababu mbili zinazosaidiana. Yai lisipopevuka, projesteroni haitengenezwi, na estrojeni peke yake huendelea kurundika ukuta wa ndani wa kizazi mpaka siku unapomomoka wenyewe. Tena, upungufu wa homoni za tezi unaweza kupunguza protini zinazosaidia damu kuganda. Ukuta mnene umeanguka, na bomba halizibiki haraka.

Nimewahi kuona fibroidi ya sentimita 2 ikibebeshwa lawama zote, mtu anapangiwa upasuaji, na TSH yake haijawahi kuguswa. Fibroidi na tezi huweza kukaa mwili mmoja. Kuona kimoja hakumfukuzi mwenzake. Pima pia wingi wa damu na madini chuma, kwa kuwa kimeng'enya kinachotengeneza homoni za tezi huhitaji chuma. Mwanamke anayemwaga damu kila mwezi hupoteza chuma, na tezi yake nayo huzidi kudhoofika.

Ila anayelowesha pedi kila saa na kusikia kizunguzungu aende hospitali leo. TSH itasubiri.

"Siku zangu zimekuwa tone tone"

Kwanza kabisa pima mimba. Naandika hivi kwa sababu kuna watu wamepima homoni saba na kusahau kipimo cha mkojo. Pili, uliza kuhusu sindano ya miezi mitatu: hedhi kupungua au kupotea kwa anayeitumia ni jambo la kawaida, na inaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi baada ya kuacha. Kunyonyesha na kukonda sana navyo hukausha hedhi.

Hayo yakiondoka, fikiria tezi inayokimbia. Hili si jipya: Basedow, daktari wa Kijerumani ambaye jina lake bado linaitwa kwenye ugonjwa huu katika nchi nyingi za Ulaya, alieleza hedhi kupotea kwa wagonjwa wake tangu 1840. SHBG hupanda, LH hupoteza mpangilio wake, ukuta wa kizazi haujengeki vizuri, damu inakuwa haba na miezi inarukwa. Mwenyewe anakula vizuri na anakonda, mikono inatetemeka akishika kikombe, moyo unadunda, joto halimwishi, macho kwa wengine yanatokeza.

Anayepotea zaidi hapa ni mama wa miaka 45 hivi. Joto, jasho, kukosa usingizi, hedhi inaruka: kila mtu, pamoja na shoga zake, atamwambia ni ukomo wa hedhi. Namfundisha kitu kimoja cha bure. Asubuhi kabla hujashusha miguu kitandani, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono na uhesabu mapigo kwa dakika nzima, siku tatu mfululizo. Joto la ukomo huja kama wimbi na kupita baada ya dakika chache. Tezi inayokimbia haipumziki hata mwenyewe akiwa amelala. Ukikuta mapigo zaidi ya 100 hujaamka hata kwenda chooni, hiyo si habari ya umri peke yake.

Tezi iliyozubaa nayo inaweza kupoteza hedhi kabisa, kwa ile njia ya prolaktini. Kwa hiyo usibashiri upande kwa wingi wa damu tu.

"Maziwa yanatoka, na mtoto sina"

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Alikuja binti wa miaka ishirini na kitu, ameolewa mwaka wa pili, kitambaa amekikunja ndani ya sidiria kwa sababu maziwa yalikuwa yanalowesha nguo kazini. Hedhi hana miezi saba. Kwao tayari walishaanza kunong'ona kuwa alitoa mimba kwa siri. Mkononi ana jibu kutoka maabara nyingine: prolaktini 62 ng/mL, wakati kikomo chao ni kama 25. Ameambiwa atafute fedha ya MRI ya kichwa, pengine ana uvimbe. "Kaka, huko kichwani watanipasua?" Nikamtazama vizuri. Nyusi zimepungua pembeni, mikono ya baridi na mikavu kama amepakwa majivu, anaongea polepole kama anayetoka usingizini. Nikampigia daktari wake, TSH ikaongezwa kwenye damu ileile. Mashine haikutoa hata namba. Iliandika "zaidi ya 100", maana yake imepita mwisho wa kipimo. Kawaida ni kama 0.4 hadi 4.

Prolaktini ya tezi iliyolala mara nyingi haizidi 100. Na pituitari, nyapara aliyepigiwa kelele miaka mingi, hunenepa, kiasi kwamba MRI inaweza kuonyesha kitu kinachofanana kabisa na uvimbe. Kimepona kwa wengi bila kisu, kwa vidonge vya levothairoksini, yaani T4 ya kutengenezwa, peke yake. Binti yule aliwekwa kwenye vidonge. Maziwa yalikauka baada ya miezi michache na hedhi ikafuata. MRI hakupiga.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: mimba, kisha orodha ya dawa anazotumia, kisha TSH, na kama TSH ni ya kawaida ndipo muanze kuzungumzia picha ya kichwa. Kwenye dawa ulizia za kutuliza kutapika kama metoklopramidi na domperidoni, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni. Zote hupandisha prolaktini. Uliza pia kama anajikamua kila asubuhi kuangalia "kama bado yapo". Kujikamua kwenyewe kunachochea maziwa. Lakini kichwa kikiuma bila kukoma, au mtu anagonga milango kwa sababu haoni pembeni, picha isisubiri.

"Mimba haishiki" au "inashika na kutoka"

Kama yai halipevuki, mengine ni wazi. Kinachochanganya ni mwanamke mwenye altrasaundi inayosema ovari zina vifuko vingi. Tezi iliyozubaa inaweza kuzijaza ovari vifuko, kuongeza uzito na kuvuruga hedhi, mtu akaitwa mwenye PCOS, ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. TSH na prolaktini zinatakiwa kupimwa kabla ya jina hilo kubandikwa.

Wengine TSH yao ni nzuri ila wana kingamwili dhidi ya tezi, zile za TPO. Ni kweli wenye kingamwili hizo hupoteza mimba zaidi ya wengine. Basi ikaonekana tuwape wote levothairoksini. Uingereza walijaribu kwa wanawake zaidi ya 900, matokeo yakatoka 2019: waliopewa vidonge na waliopewa vidonge bandia walizaa watoto hai kwa kiwango kilekile. Kingamwili peke yake, tezi ikiwa inafanya kazi, si sababu ya kununua dawa. Ni sababu ya kupima TSH mara kwa mara mimba ikiingia.

Anayetumia levothairoksini tayari asisubiri kliniki ya mwezi wa nne. Mahitaji hupanda mapema, kwa robo hadi nusu ya dozi, na mtoto katika miezi ya mwanzo hutegemea T4 ya mama. Utaratibu unaotumiwa na madaktari wengi ni kuongeza vidonge 2 kwa wiki mara tu mimba inapothibitika, yaani 9 badala ya 7, kisha TSH kila wiki 4 hivi mpaka katikati ya mimba, ikilengwa kuwa chini ya 2.5. Panga hili na daktari wako kabla hujashika mimba, dozi iwe imeandikwa kabisa.

Anayetumia kabimazoli kwa tezi inayokimbia ana jambo zito zaidi, kwani dawa hiyo inaweza kumletea mtoto kasoro katika wiki za mwanzo. Asiiache kimyakimya, maana tezi isiyodhibitiwa nayo huharibu mimba. Amwone daktari mapema, na mara nyingi hubadilishiwa dawa nyingine ya tezi, PTU, kwa miezi mitatu ya kwanza. Aliyepewa iodini ya mionzi akae angalau miezi 6 kabla ya kutafuta mimba.

Halafu kuna chumvi. Mama mjamzito anahitaji maikrogramu 250 za iodini kwa siku, mtu mzima mwingine 150. Chumvi yenye madini joto imepunguza rovu sana katika nyanda za juu za Tanzania, lakini chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni inaweza isiwe nayo, na hata nzuri hupoteza madini ikiachwa wazi kando ya jiko. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, watafiti walionyesha jinsi mihogo isiyolowekwa vya kutosha inavyozuia tezi kunyakua iodini kidogo iliyopo. Usikimbilie tembe za mwani kwa ajili hiyo. Iodini nyingi ya ghafla kwenye tezi yenye mafundo inaweza kuiwasha ikimbie. Huko huko Kivu ilitokea chumvi yenye madini joto ilipoingia.

"Tangu nijifungue sijawa mimi"

Kati ya mwezi wa kwanza na wa sita baada ya kujifungua, tezi inaweza kuvimba kimya kimya na kumwaga akiba yake: moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna, hasira. Baadaye akiba ikiisha huja upande wa pili: uchovu, huzuni, nywele kunyonyoka, hedhi isiyoeleweka. Kinamama kama 5 katika 100 hupitia hali hii, na wengi hurudi sawa ndani ya mwaka. Kipindi cha mbio hapa hakitibiwi kwa kabimazoli, kwa kuwa tezi haitengenezi kwa wingi, inavuja tu. Mwambie daktari tarehe uliyojifungua hata kama hakuuliza.

Ila kuna mama mwingine, na huyu TSH peke yake itamficha. Alitokwa damu nyingi sana siku ya kujifungua, pengine aliongezewa chupa kadhaa. Maziwa hayakutoka kabisa. Hedhi haikurudi, nywele za kinena na za kwapani zikapukutika, akawa mtu wa kusinzia na kuanguka. Pituitari, ambayo huwa imenenepa wakati wa mimba, ilikosa damu ikafa sehemu. Daktari Harold Sheehan aliieleza hali hii mwaka 1937 na imebaki na jina lake. Hapa nyapara mwenyewe ndiye amekufa. TSH itasomeka chini au hata ya kawaida, na mtu ataambiwa tezi yake ni nzima. T4 ikipimwa inaonekana imeshuka. LH na FSH nazo ziko chini. Na kuna hatari: akianzishiwa levothairoksini kabla ya kupewa kotisoli, homoni nyingine inayoweza kukosekana pituitari ikifa, anaweza kuzimia na hata kufa. Swali "maziwa yalitoka?" halina gharama, na sijui kwa nini haliulizwi zaidi.

Wanaume

Hawaji, na wakija husema "nguvu za kiume". Tezi inayokimbia humfanya amalize haraka, na matiti yanaweza kuvimba; iliyozubaa humchelewesha kumaliza na kumkata hamu. Pande zote mbili huharibu uume kusimama na ubora wa mbegu. Mara nyingi hurudi tezi ikitulia, kwa hiyo kabla ya asali na mizizi ya buku tano, TSH moja.

Karatasi inavyodanganya

TSH juu na T4 chini: kibarua kalala. TSH chini na T4 juu: anakimbia. TSH ya 6 au 7 na T4 nzuri: kwa kawaida tunarudia baada ya wiki kadhaa, isipokuwa anayetafuta mimba, ambaye daktari anaweza kuamua mapema.

Kisha udanganyifu. Vidonge vya kukuza nywele na kucha vina bayotini nyingi, na kwenye mashine nyingi bayotini hushusha TSH na kupandisha T4 kwa uongo. Nimeona dada mzima wa afya akisomeka kama ana tezi inayokimbia. Alikuwa na nywele nzuri tu. Acha siku 2 au zaidi kabla ya kupima. Vidonge vya majira vyenye estrojeni hupandisha jumla ya T4, kwa hiyo omba T4 huru. Mimba changa nayo hushusha TSH, kwa sababu homoni ya mimba inafanana na TSH na huichochea tezi. Ikishuka sana, na kutapika kukiwa kwingi kupita kiasi, daktari aangalie kama si mimba ya zabibu au mapacha.

"Natumia dawa, namba haishuki"

Mama mmoja alinirudia mara tatu na TSH ya 30 na zaidi, dozi inaongezwa kila mara. Nikamwomba anieleze asubuhi yake, hatua kwa hatua. Anaamka saa kumi na moja, anabandika chai ya maziwa, anakunywa nusu kikombe, anameza vidonge vyake "vyote kwa pamoja asisahau": levothairoksini, kidonge cha kuongeza damu, na cha kalsiamu. Dawa ilikuwa ikikamatwa na chuma na kalsiamu ndani ya utumbo, haingii.

Levothairoksini humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zikae mbali nayo kwa saa 4. Baada ya kubadilisha dozi, subiri wiki 6 hadi 8 ndipo upime. Ukirudi baada ya siku kumi utanunua namba isiyo na maana. Na anayeanza vidonge vya majira akiwa kwenye levothairoksini amwambie daktari, anaweza kuhitaji kuongezewa.

Yule mama alihamishia kidonge cha damu kwenye chakula cha mchana na cha kalsiamu usiku. Dozi haikuguswa. Wiki ya nane alisimama dirishani, nikamsomea: 3.1. Akaniuliza kama ile chai sasa anaweza kuinywa kwa amani. Nikamwambia ainywe, ila baada ya saa nzima.